WAVULANA WANNE NA GITA MOJA

Somo la Historia kwa Wanafunzi wa Kisomo cha Watu Wazima

Natumaini nyote mmekwisha kaa, taa inawaka vizuri, na kila mmoja ana karatasi yake mkononi. Asiye na karatasi amsogelee jirani yake, wasome pamoja. Mimi nitasoma polepole, nanyi mfuate kwa kidole, mstari baada ya mstari.

Leo tutasoma habari za ndugu wanne, wana wa baba mmoja na mama mmoja, waliokuwa waimbaji. Nchi yao ni Marekani. Jina la ukoo wao ni Mills, na watu waliwaita Mills Brothers, yaani ndugu wa ukoo wa Mills. Hawakuzaliwa katika utajiri. Baba yao alikuwa kinyozi. Lakini sauti zao zilisikiwa katika nchi nyingi za dunia, na mlango waliopitia ni huu huu tunaoutumia leo mimi na ninyi: redio.

Maneno mapya

Kabla hatujaanza, mwalimu wa darasa aandike maneno manne ubaoni.

Vodevili: maonyesho ya mchanganyiko yaliyofanywa ukumbini, yenye nyimbo, ngoma, vichekesho na mazingaombwe.

Santuri: sahani inayotiwa juu ya gramafoni ili kutoa wimbo.

Besi: sauti nzito kuliko zote katika kundi la waimbaji.

Mkataba: mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi na pande zote mbili.

Someni maneno hayo mara mbili kwa sauti. Vema. Sasa tuendelee.

Maonyesho ya vodevili

Zamani, kabla ya redio na kabla ya sinema zenye sauti, watu wa mijini kule Marekani walipotaka kujifurahisha walikwenda kwenye vodevili. Maonyesho hayo yalishamiri tangu miaka ya 1880 hata kufikia miaka ya 1920. Mtu alilipa kiingilio, akaketi, na mbele yake wakapita wachezaji wengi, mmoja baada ya mwingine. Huyu aliimba, huyu alicheza ngoma, huyu alirusha mipira hewani na kuidaka, huyu alileta mbwa waliofundishwa. Kila mmoja alipewa dakika chache tu. Akipendeza, alipigiwa makofi. Asipopendeza, alijua papo hapo.

Wachezaji hao walisafiri kwa treni kutoka mji hadi mji. Ukumbi uliokuwa na sifa kuliko kumbi zote ni Palace Theatre wa mjini New York, uliofunguliwa mwaka 1913. Kila mchezaji aliota siku ya kusimama pale.

Katika vodevili walikuwamo ndugu wengi walioimba pamoja. Sababu yake si ngumu kuielewa. Ndugu hulala nyumba moja na kula sahani moja. Wanaweza kufanya mazoezi usiku na mchana bila ya kulipana. Tena sauti za ndugu hufanana, na sauti zinazofanana hushikana vizuri kama mbao zilizopigwa randa na fundi mmoja.

Lakini, wasikilizaji, maonyesho hayo yalikuwa na uchungu wake. Marekani ya siku zile iliwabagua watu weusi. Katika kumbi nyingi mtu mweusi aliyelipa fedha yake alipelekwa kuketi juu kabisa, nyuma ya wengine wote, na pengine aliingia kwa mlango wa kando. Mara nyingi onyesho zima liliruhusu kundi moja tu la watu weusi. Tena walikuwako wazungu waliojipaka weusi usoni wakaigiza watu weusi kwa dhihaka, ili watazamaji wacheke. Kwa hiyo mwimbaji mweusi alipopanda jukwaani alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza, kuimba vizuri. Ya pili, kusimama kama mtu mwenye heshima mbele ya watu waliozoea kumcheka.

Kumbukeni jambo hilo, maana ndugu tunaowasoma leo walikuwa watu weusi.

Duka la kinyozi

Katika jimbo la Ohio uko mji mdogo uitwao Piqua. Hapo ndipo alipoishi Bwana John Mills na mkewe. Bwana Mills alikuwa na duka la kunyolea. Duka la kinyozi, kama mjuavyo wenyewe, si mahali pa kunyolea tu. Ni baraza. Watu hungoja zamu, hupeana habari, hubishana, hucheka. Kule Marekani, katika maduka kama hayo, watu walizoea pia kuimba wanne wanne, kila mtu na sauti yake: mmoja akashika wimbo wenyewe, wawili wakaujaza katikati, na wa nne akaimba besi. Bwana Mills naye alikuwa na kundi lake la watu wanne. Basi watoto wake walikua wakisikia nyimbo kila siku, pamoja na mlio wa mkasi.

Watoto tunaowasoma leo ni hawa: John alizaliwa mwaka 1910, Herbert mwaka 1912, Harry mwaka 1913, na Donald mwaka 1915. Waliimba kanisani, na walipotoka kanisani waliimba mbele ya duka la baba yao. Wapita njia walisimama kusikiliza. John, mkubwa wao, alipiga gita na kuimba besi.

Kifirimbi kilichopotea

Vijana hao walikuwa na kifirimbi kidogo kiitwacho kazu. Ni kitu rahisi sana, hakina thamani kubwa. Mtu hukitia mdomoni na kuvumisha sauti yake, nacho hutoa mlio kama wa tarumbeta.

Siku moja waliingia katika mashindano ya waimbaji katika ukumbi wa mji wao. Wakapanda jukwaani. Watu wamekaa kimya, wanangoja. Harry akatia mkono mfukoni ili atoe kazu. Hamna! Imepotea.

Fikirini, wasikilizaji. Umesimama mbele ya watu wa mji wako, majirani zako wote wanakutazama, na chombo chako hukioni. Utafanya nini? Utashuka na kukimbia?

Harry hakukimbia. Alikunja viganja vyake mbele ya mdomo, akaigiza sauti ya tarumbeta kwa kinywa chake mwenyewe. Ikatoka tarumbeta! Watu walistaajabu, na ndugu zake nao walistaajabu.

Tangu siku ile vijana hawakutafuta tena kazu. Walianza kujifunza kuigiza vyombo vya bendi nzima. Harry akawa tarumbeta ya kwanza, Herbert tarumbeta ya pili, Donald akawa tromboni, na John, mwenye besi, akawa lile tarumbeta kubwa linalonguruma chini. Chombo cha kweli kilichobaki kilikuwa kimoja tu, gita la John. Mtu aliyefumba macho alidhani anasikia bendi ya watu wengi. Alipofumbua aliona vijana wanne na gita moja.

Wazee wetu husema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ishikeni methali hiyo. Tutairudia mbele.

Sauti inayopita hewani

Miaka ile mambo yalikuwa yakibadilika upesi. Tangu mwaka 1920 stesheni za redio zilianza kuenea Marekani. Mwaka 1925 santuri zilianza kutengenezwa kwa njia ya umeme, kwa kutumia kipaza sauti. Mwaka 1927 ilitokea sinema kubwa iliyokuwa na nyimbo na maneno ya kusikika. Mwaka 1929 biashara ikaanguka Marekani, na watu wengi wakakosa kazi. Mtu asiye na fedha ya kiingilio alikaa nyumbani na kusikiliza redio bure. Basi vodevili ikaanza kufa. Mwaka 1932 hata ule ukumbi wa Palace uliacha vodevili ya desturi yake na kugeuka kuwa nyumba ya sinema.

Waimbaji wengi waliangamia katika mabadiliko hayo. Mbona ndugu wa Mills hawakuangamia? Hapa tuangalie vizuri, maana hili ndilo jambo la kihistoria katika somo letu.

Kabla ya kipaza sauti, mwimbaji alilazimika kupaza sauti kwa nguvu ili asikiwe na mtu aliyeketi nyuma kabisa. Sauti laini haikufaa. Kipaza sauti kikageuza jambo hilo. Mtu akakisogelea na kuimba polepole, kama anayezungumza na rafiki yake, na sauti ikafika mbali. Sasa, ule mchezo wa kuigiza tarumbeta kwa kiganja na kinywa ni mchezo wa sauti ndogo ndogo. Katika ukumbi mkubwa ungepotea. Mbele ya kipaza sauti ulisikika wote. Vodevili iliwafundisha vijana kupendeza watu kwa dakika chache. Redio iliwapa sikio la karibu.

Kwa hiyo mwaka 1928 walikwenda mji wa Cincinnati, kwenye stesheni kubwa iliyoitwa WLW, nao wakapokewa. Waliimba katika vipindi mbalimbali, na kila kipindi kiliwapa jina lake, kwa kuwa makampuni yaliyolipia vipindi yalitaka majina ya kutangaza bidhaa zao. Katika kipindi kimoja waliitwa kwa maneno yenye maana ya wavulana wanne na gita moja. Ndilo jina nililolipa somo letu.

New York na mkataba

Mwaka 1930 ndugu walifika New York. Walijaribiwa na kampuni kubwa ya utangazaji iitwayo CBS. Mkuu wa kampuni hiyo, Bwana William Paley, aliwasikia, akapendezwa nao sana, na wakapewa mkataba wa miaka 3. Wakawa miongoni mwa Wamarekani weusi wa kwanza kuwa na kipindi chao wenyewe kilichotangazwa katika stesheni za nchi nzima kwa wakati mmoja.

Donald, mdogo wao, alikuwa na umri wa miaka 15 tu.

Mwaka 1931 walitoa santuri ya wimbo uitwao “Tiger Rag”. Ilinunuliwa na watu zaidi ya milioni moja. Watu wengi hawakusadiki kwamba hapakuwa na bendi. Kwa hiyo karatasi ya santuri zao iliandikwa kuwaarifu wanunuzi kwamba hakuna chombo kilichopigwa isipokuwa gita moja. Hebu lifikirini jambo hilo: maandishi machache juu ya santuri yaliondoa ubishi wa watu wengi. Ndiyo faida ya kusoma.

Mwaka 1932 walionekana katika sinema iitwayo “The Big Broadcast”. Walitoa santuri pamoja na Bing Crosby, mwimbaji mzungu aliyekuwa mashuhuri sana. Hawakujipaka kitu usoni, wala hawakuigiza ujinga ili wachekwe. Walivaa suti safi, wakasimama wima, wakaimba. Mnaikumbuka ile kazi ya pili niliyoitaja, kazi ya kusimama kwa heshima? Waliifanya kila walipopanda jukwaani.

Msiba

Mwaka 1934 walivuka bahari wakaenda Uingereza, wakaimba mbele ya Mfalme George wa Tano na Malkia Mary. Wana wa kinyozi wa Piqua wanamwimbia mfalme!

Lakini furaha na huzuni hufuatana. Wakiwa Uingereza, John, kaka mkubwa, mpiga gita na mwenye besi, alishikwa na ugonjwa wa mapafu. Aliugua kwa muda mrefu. Mwezi wa Januari mwaka 1936 akafa. Alikuwa na umri wa miaka 25.

Tusimame hapa kidogo. Mtu akiondokewa na ndugu yake ni msiba mkubwa. Kwa vijana hawa msiba ulikuwa na pande mbili, maana John alikuwa ndugu yao, tena alikuwa msingi wa kazi yao. Besi katika nyimbo ni kama boriti chini ya dari. Ukiiondoa, yote hushuka. Herbert, Harry na Donald walitaka kuacha kuimba kabisa.

Ndipo mama yao alipozungumza nao. Aliwaambia kwamba John mwenyewe angependa waendelee. Wakanyamaza, wakafikiri, wakakubali. Lakini nani atashika besi? Wangeweza kumtafuta mgeni. Waimbaji wa besi walikuwapo wengi. Hawakumtafuta mgeni. Aliyesimama mahali pa John ni baba yao, Bwana John Mills mwenyewe, aliyekuwa amepita miaka 50.

Baba mahali pa mwana

Desturi ya dunia ni mtoto kurithi kazi ya baba. Hapa baba alirithi kazi ya mtoto. Yule aliyewafundisha vijana kuimba akawa sasa mwanafunzi wao, akajifunza nyimbo zao na mchezo wao wa kuigiza tarumbeta kubwa. Alilala katika mahoteli na kupanda treni na meli pamoja na wanawe. Kila usiku alisimama pale aliposimama mwanawe aliyekufa, akaimba sauti ya mwanawe. Kupiga gita akaletwa mtu mwingine, Bwana Norman Brown.

Nani kati yenu mliozaa asiyeelewa uzito wa jambo hili? Lakini baba yule hakuwa akijiliza mbele ya watu. Aliimba ili watoto watatu waliobaki wasipoteze kazi yao.

Hapo irudieni ile methali. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mara ya kwanza kilichopotea kilikuwa kifirimbi. Mara hii alikuwa ndugu. Mambo hayo mawili hayalingani hata kidogo, lakini watu wale wale walitafuta njia ya kuendelea.

Vita na wimbo wa karatasi

Mwaka 1939 vita kuu ya pili ilipoanza, ndugu walikuwa katika safari za mbali, na kurudi kwao hakukuwa kwepesi. Walipofika Marekani mwaka 1941 walikuta watu wamepata wapenzi wapya. Kundi jingine la watu weusi wanne, liitwalo Ink Spots, lilikuwa limepata jina kubwa. Umaarufu ni kama moto wa jikoni: usipouchochea, huzimika.

Mwaka 1942 walirekodi wimbo uitwao “Paper Doll”, yaani mwanasesere wa karatasi. Wimbo wenyewe ulikuwa wa zamani, ulitungwa mwaka 1915. Mwanzoni haukuvuma. Mwaka 1943 ukawaka kama moto wa nyikani, ukashika nafasi ya kwanza Marekani kwa majuma 12. Inasemekana santuri zake zilizouzwa zilipita milioni 6. Sasa hawakutegemea sana kuigiza matarumbeta. Waliimba polepole, maneno yanasikika, sauti zinashikana. Lakini Harry aliitwa jeshini, na kwa muda mwimbaji mwingine alishika nafasi yake.

Mwaka 1952 walipata tena nafasi ya kwanza kwa wimbo wa “Glow Worm”. Kumbukeni kwamba redio ilikuwa imekwisha pata mshindani, yaani televisheni, kama vile vodevili ilivyopata mshindani wake. Ndugu wakaingia na huko.

Mwisho wa safari

Mzee John Mills aliimba na wanawe mpaka katikati ya miaka ya 1950, ndipo akapumzika. Alikuwa ameshika nafasi ya mwanawe kwa miaka ipatayo 20. Alifariki mwaka 1967, naye ana miaka 85. Harry, yule wa kazu iliyopotea, aliimba mpaka karibu ya mwisho wake, akafariki mwaka 1982. Herbert alifariki mwaka 1989. Akabaki Donald peke yake. Je, alinyamaza? Hapana. Alimchukua mwanawe, naye aliitwa John, kama babu yake na baba yake mkubwa. Wakaimba wawili, baba na mwana, mpaka Donald alipofariki mwaka 1999.

Tunajifunza nini?

Wasikilizaji, historia si habari za wafalme na vita tu. Kinyozi naye ana historia. Katika habari hii tumeona jinsi chombo kipya kinavyoua kazi moja na kuzaa nyingine. Waliosema, “Sisi ni watu wa vodevili tu,” walikwisha pamoja na vodevili. Waliojifunza chombo kipya walikiingia na kukitumia. Wengi wenu mlio darasani mmeanza kushika kalamu mkiwa na wajukuu. Msione haya. Mzee Mills naye alianza kazi mpya akiwa na miaka zaidi ya 50, na walimu wake walikuwa watoto wake.

Maswali

Zungumzeni darasani, kisha kila mtu aandike majibu yake kwa mkono wake mwenyewe.

1. Vodevili ilikuwa nini? Taja mambo mawili yaliyoiua.

2. Kwa nini mwimbaji mweusi wa siku zile alikuwa na kazi mbili jukwaani?

3. Harry alifanya nini alipokosa kazu?

4. Eleza jinsi kipaza sauti kilivyowasaidia ndugu hawa.

5. Toa: Mzee Mills alifariki mwaka 1967. Mwanawe John alikufa mwaka 1936. Baba aliishi miaka mingapi baada ya mwanawe?

6. Ungekuwa wewe mama yao, ungewaambia nini vijana baada ya kifo cha John? Andika mistari mitatu.

Muda wetu umekwisha. Zitunzeni karatasi zenu, msizitumie kufungia karanga! Kwaherini, mpaka tukutane tena hewani.